Haki ya Mwenye Kusukuma

Miongoni mwa misaada ambayo mtu humpa mtu asiyemjua, kusukuma gari lililozimika kuna daraja yake. Msaada huu hauulizi udugu, wala kabila, wala dini, wala cheo. Gari likikwama njiani na dereva akatoa kichwa dirishani, waliokuwa wakinywa kahawa huweka vikombe chini, mwenye mzigo huutua, na mwenye haraka huisahau haraka yake kwa dakika tano. Mabega huinama, miguu hukaza, gari hujongea. Likinguruma, dereva hupunga mkono akaenda zake. Likikataa, husukumwa tena. Ni nadra malipo kutajwa, na anayeyataja mapema huonwa kuwa amepungukiwa na kitu.

Kwa kuwa msaada huu hutolewa kwa wepesi, hudhaniwa kuwa hauna sheria ndani yake. Wenye kufikiri juu ya wema huuliza kama mpita njia ana wajibu wa kusukuma. Swali la upande wa pili halisikiki sana: je, anayesukumiwa ana wajibu gani kabla ya mkono wa kwanza kuligusa gari? Zamani swali hilo lilikuwa dogo. Siku hizi, kwa gari la gia za mkono linalowashwa kwa kitufe, limekuwa kubwa, maana gari hilo laweza kusukumwa tangu asubuhi mpaka adhuhuri na watu kumi wenye afya lisiwake, na kosa lisiwe la msukumaji hata mmoja.

Msomaji na amfikirie mtu wa namna hii. Yuko katika mji mmoja wa mwambao, jioni, mvua imekatika punde hivi, na gari lake dogo limesimama kando ya njia karibu na genge la wanywa kahawa. Alikaa ndani saa nzima akingoja mvua ipungue, taa zikiwaka na redio ikiimba. Sasa anakanyaga klachi, anabonyeza kitufe, na jibu analolipata ni ta-ta-ta hafifu chini ya boneti. Anajaribu tena, ta-ta-ta. Anakizima kila kitu ili betri ipumzike, kama walivyofanya madereva wengi kabla yake, kisha anaita. Vijana watano wanakuja. Anatia gia ya pili, anakanyaga klachi, wanasukuma hatua arobaini, anaachia klachi. Gari linashtuka, linavuta, linakufa. Wanavuta pumzi na kusukuma tena. Safari hii gari linaposhtuka, kijana mmoja aliyelielemea kwa kifua anateleza kwenye tope na kuchubuka goti. Dereva hakushuka. Amekwisha kutoa kichwa tena dirishani, naye anasema, “Jamani, mara moja tu, itashika.”

Kabla ya mtu huyu kuhukumiwa, yafaa ijulikane kusukuma hufanya nini. Injini ya petroli haianzi kazi kwa nguvu zake. Sharti izungushwe kwanza, ivute hewa na petroli, iikandamize, ndipo cheche iiwashe. Ikishika moto hujizungusha yenyewe. Katika gari la Ford Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, kazi ya kuzungusha ilikuwa ya mkono wa mtu na hendeli iliyochomekwa mbele. Hendeli ilikuwa mtumishi mkorofi, kwani injini ikirudi nyuma kwa ghafula iliweza kuvunja mkono wa aliyeishika. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilitoa magari yenye stata ya umeme aliyoibuni Charles Kettering, na tangu hapo desturi ya hendeli ikaanza kufifia, ijapokuwa Model T yenyewe haikupata stata ya umeme mpaka mwaka 1919. Kusukuma ni hendeli ya namna nyingine. Watu huyazungusha magurudumu, magurudumu huzungusha gia, na klachi inapoachiwa gia huizungusha injini. Msukumaji hushika nafasi ya stata, wala hashiki nafasi ya kitu kingine.

Hapa ndipo penye fundo la maneno yote. Katika gari la zamani lenye magneto, nafasi ya stata ilitosha. Magneto hufua umeme wake kwa kule kuzungushwa tu. Haiombi kitu kwa betri. Petroli ya Model T nayo iliteremka kutoka tangini kwa uzito wake, bila pampu. Kwa hiyo wasukumaji waliliendea gari lililokufa kabisa, wakalirudishia uhai kwa miguu yao, na jasho lao ndilo lililogeuka kuwa cheche. Dereva aliweza kuwa mjinga wa kila jambo isipokuwa usukani na klachi, na ujinga wake usimdhuru mtu sana. Magari yaliyofuata, yenye betri na koili, yaliupunguza ukarimu huo: yalihitaji umeme kidogo uwe umebaki, na ufunguo uwe umegeuzwa. Lakini ufunguo ni kitu cha macho na mkono. Uko mahali pake au hauko, umegeuzwa au haukugeuzwa, na hata mtoto aliyekaa kando ya dereva aliweza kuuona na kusema.

Kitufe chenyewe si kigeni. Magari mengi ya kabla ya vita vya 1939 yalikuwa na kitufe cha stata, na ufunguo ukakaa mbali nacho ukifanya kazi yake. Hata Honda S2000 ya mwaka 1999 ilitaka ufunguo ugeuzwe kwanza ndipo kitufe chekundu kibonyezwe. Kitufe cha namna hiyo kilikuwa mtumwa wa stata tu. Kilichobadilika ni kwamba ufunguo wenyewe umetoweka machoni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mercedes-Benz iliwaruhusu wateja wake kuuacha ufunguo mfukoni, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Renault Laguna ikawapa madereva wa Ufaransa kadi mahali pa ufunguo, na kitufe cha kuwashia. Katika wakati huohuo wezi wa magari walikuwa wamewachosha watu wa Ulaya, na sheria za huko zikataka, tangu Oktoba 1998, magari mapya ya abiria yawe na kizuizi cha umeme kisichoiruhusu injini kufanya kazi mpaka ufunguo wa haki utambuliwe. Mambo haya mawili yalipokutana, kubonyeza kitufe kuliacha kuwa amri kukawa ombi. Dereva huomba, kompyuta hutazama kama ufunguo umo ndani ya gari, hutazama mguu uko wapi, ndipo hujibu.

Sasa msukumaji anapolisukuma gari kama hili, gia na klachi humtii vilevile kama zilivyomtii babu yake. Injini huzunguka. Lakini kama kompyuta imelala, pampu haipeleki petroli, nozeli hazifunguki, na plagi hazitoi cheche. Injini huzunguka kama kinu kisichotiwa nafaka. Kwa nje hapana dalili ya tofauti hiyo. Gari lililolala na gari lililo macho husukumika kwa uzito uleule, na hushtuka kwa namna ileile klachi inapoachiwa. Mwenye kusukuma hana njia ya kujua, kwa mgongo wake, kama anafanya kazi au anafanyiwa mzaha.

Kutokana na hayo zimezuka kauli mbili gengeni, na zote mbili ni pungufu. Moja husema kwamba gari la kitufe halisukumwi. Nyingine husema kwamba kila gari la klachi litawaka likisukumwa. Ukweli unategemea hali ya betri na hali ya kompyuta, na hali hizo zinaonekana mahali pamoja tu, yaani mbele ya macho ya dereva. Katika magari mengi ya namna hii kitufe kikibonyezwa bila mguu kugusa klachi, mara moja kisha mara ya pili, stata haiitwi. Gari huamka tu, na taa za dashibodi huwaka. Ufunguo ukiwa ndani na ukatambuliwa, injini imepewa ruhusa. Hapo ndipo klachi ikanyagwe, gia ya pili itiwe, na watu waambiwe sukumeni. Kama kifaa cha ufunguo kimeishiwa betri yake ndogo, aghalabu hutosha kukisogeza karibu na kitufe. Kama stata ndiyo mbovu na betri ni nzima, au betri ni dhaifu lakini taa zinaonekana, kusukuma kuna matumaini. Kama dashibodi ni giza tupu, hata jeshi lisukume. Dawa ni nyaya na betri ya jirani. Gari la otomatiki halimo katika maneno haya, kwa kuwa magurudumu yake hayana njia ya kuizungusha injini iliyozimika, na mwenye nalo asimsumbue mtu.

Mtu aweza kusema kwamba haya ni mambo ya fundi, si ya mwanafalsafa. Lakini wajibu huzaliwa mahali ambapo mmoja anajua, au aweza kujua, kitu ambacho mwenzake hawezi kukijua na bado anakilipia. Vijana watano wanalipa kwa pumzi, na mmoja wao amelipa kwa goti. Nao wanalipa katika hatari. Breki ya gari lililozimika huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache, maana nguvu inayoisaidia hutoka kwa injini. Usukani nao huwa mzito. Na katika baadhi ya magari haya usukani huweza kujifunga ikiwa mlango ulifunguliwa gari likiwa limezimwa. Nyuma yao magari mengine yanapita gizani. Wanayakubali hayo kwa kuwa wanaamini neno moja ambalo dereva hakulisema kwa ulimi ila amelisema kwa kuwaita, kwamba nguvu zao zina mahali pa kwenda. Mwenye kuita bila ya kutazama kama mahali hapo pako ametoa ahadi asiyokuwa nayo.

Yupo atakayejibu kwamba maneno haya ni ukatili juu ya mtu aliye katika shida. Mwenye njaa haulizwi kwanza kama tumbo lake ni zima. Jibu hilo lina uzito. Msaada ungekuwa mchungu sana kama kila mwenye kuzama angehojiwa ufukweni. Lakini hapana anayetaka vijana wale waweke masharti. Wao wako huru kusukuma hata jiwe wakipenda, na wema wao utabaki kuwa wema. Linalosemwa liko upande wa pili wa gari. Wepesi wa mtoaji haumpi mwombaji haki ya kuwa mzembe; kinyume chake, kadiri mtoaji anavyotoa bila kuuliza, ndivyo mwombaji anavyopaswa kujiuliza mwenyewe, kwa sababu hapana mwingine atakayemwuliza.

Yupo pia atakayesema kwamba dereva hakujua, na asiyejua hana lawama. Aristotle aliligusa jambo hili katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako. Alitenga ujinga unaompata mtu bila ya kosa lake na ujinga ambao mtu mwenyewe ndiye chanzo chake, kama wa mlevi, ambaye alikuwa na uwezo wa kutolewa. Akaeleza kwamba watunga sheria huwaadhibu watu kwa kutojua jambo ambalo ni wajibu kulijua na si gumu kujulikana. Kujua hali ya taa za dashibodi si jambo gumu. Ni kuinamisha macho. Kwa kipimo hiki dereva amekwisha kushindwa kesi.

Lakini kipimo hiki hakimalizi shauri, na hapa yafaa kwenda polepole. Magari mengi yanayotembea Afrika Mashariki yameletwa yakiwa yametumika Japani, na kitabu kilichomo ndani ya kasha la mbele, kama kimo, kimeandikwa Kijapani. Mnunuzi hukifungua siku ya kwanza, akatazama picha, akakirudisha. Ni kweli kwamba mengi ya magari hayo ni ya otomatiki. Ya klachi na kitufe ni machache, na kwa sababu hiyohiyo hata mafundi wa mtaani huyakosea. Elimu ya gari la zamani ilienea kwa macho: utingo aliyekaa miaka miwili na dereva alikuwa amekwisha kuona kila kitu kinavyofanyika. Elimu ya kitufe haienei kwa njia hiyo. Utingo huona kidole kikigusa, na gari likiwaka au lisiwake. Kilichopita katikati hakionekani. Basi ujinga wa dereva una wazazi wengi. Yumo aliyeunda gari akaona kwamba mnunuzi asisumbuliwe kwa kuelezwa. Yumo aliyeliuza bila kusema neno. Naye mwenyewe yumo, maana alipewa raha ya kutojua akaipokea kwa mikono miwili.

Mwundaji ana utetezi wake, nao ni wa haki. Kizuizi kile kiliwekwa dhidi ya mwizi, na mlango usiomzuia mwizi si mlango. Walakini mwizi na mwenye mali wanatofautiana katika jambo moja, kwamba mwenye mali ana haki ya kuelezwa kwa nini amekataliwa. Baadhi ya magari huandika kwenye dashibodi kwamba ufunguo haukuonekana, au kwamba betri ni dhaifu, mengine huwasha alama ndogo isiyojulikana maana yake, mengine hunyamaza. Ukimya huo hautimizi kazi ya ulinzi. Unamfanya mwenye mali kuwa mgeni nyumbani kwake, na gharama yake humwangukia mpita njia asiye na gari.

Limebaki jambo ambalo huenda ndilo zito kuliko ujinga, nalo ni haya. Madereva wengi wanaowaita watu kusukuma wana shaka mioyoni tangu mwanzo. Wameona kwamba dashibodi haina taa, au wamesahau kitufe kinakaaje. Lakini kusema “sijui” mbele ya vijana wa gengeni ni jambo zito kwa mtu aliyevaa shati la ofisi na kukaa ndani ya gari la kitufe. Afadhali wasukume, huenda likashika. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na mtu husoma methali hiyo kama kwamba hasara ni ya mficha peke yake. Hapa mficha amekaa kwenye kiti kikavu, na walio topeni ni wengine. Jasho lao limefanywa pazia la kufunika aibu yake. Ujinga waweza kusamehewa kwa kuelezwa. Pazia hili ni gumu kusamehewa, kwa kuwa aliyelifuma alijua analifuma kwa uzi wa nani.

Wasukumaji nao wana haki ambayo ni mara chache waitumie. Wanayo haki ya kuuliza kabla ya kuinamisha migongo: taa zinawaka? betri imekufa au imechoka? breki inashika? Adabu ya mwambao huliona swali kama hilo kuwa dharau, kana kwamba mtu anaomba hesabu ya sadaka yake. Lakini anayeuliza hali ya gari hamdharau dereva. Anamtendea kama mwenzake katika kazi moja, ambaye yuko mbele na anaona yasiyoonekana nyuma. Asiyeuliza ndiye aliyemfanya kuwa mzigo.

Katika genge lile alikuwapo mzee aliyeendesha malori miaka mingi, asiyeweza tena kusukuma. Vijana walipokuwa wakijiandaa mara ya tatu, aliinuka na bakora yake akaja mpaka dirishani.

“Shikamoo, mzee,” akasema dereva.

“Marahaba, mwanangu. Hapo mbele yako panawaka nini?”

Dereva akatazama. “Hapana kitu, mzee wangu. Nilizima ili betri ipumzike.”

“Wao wanasukuma, wewe umezima?”

Dereva hakujibu. Mzee hakuongeza neno la lawama. Gari la kitufe hakuwahi kuliendesha, wala hakujifanya anajua; alijua tu kwamba katika kila gari alilopata kulisukuma au kusukumiwa, swichi huwashwa kwanza, na akauliza kama hili lina mahali pa kuwasha swichi bila kuita stata. Dereva akauondoa mguu kwenye klachi. Akabonyeza mara moja, redio ikatoa sauti. Akabonyeza mara ya pili, na taa za dashibodi zikajitokeza, hafifu, za rangi ya ndizi mbivu, zote pamoja.

“Basi waambie,” akasema mzee.

Huenda hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote jioni ile. Dereva alitoa kichwa dirishani akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mara mbili za kwanza walisukuma bure, kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba sasa gari liko macho ila betri ni dhaifu, hivyo yamkini litawaka na yamkini lisiwake. Wawili wakacheka. Aliyechubuka goti hakucheka; alifunga kitambaa, akahama kutoka katikati ya buti akashika pembeni, mahali ambapo gari likishtuka halitamwangusha. Wakasukuma. Hatua ya thelathini klachi ikaachiwa, gari likakohoa mara moja, likashika.

Dereva hakupunga mkono dirishani. Alisogeza gari kando, akavuta breki ya mkono, akaiacha injini ikinguruma, akafungua mlango na kushuka topeni kwa viatu vyake vya ofisi, akamwendea yule mwenye goti kumtazama na kumwuliza jina. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, naye alikuwa ameusahau. Nyuma yake gari, lililoona ufunguo ukiondoka, likaanza kulia pi-pi-pi kumwita arudi, akaliacha lilie.